Mcheki Aliyekanwa Kilambo

Mama yangu aliwaita kuku wake kwa Kicheki tangu utotoni mwake, na mimi niligundua jambo hilo nikiwa mtu mzima mwenye diploma na mvi za kwanza kidevuni.

Nilirudi Mtwara mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimeishi Chekoslovakia tangu nilipochaguliwa kwenda kusomea ufundi mitambo, na nilipofunga sanduku langu nchi yenyewe ilikuwa inagawanyika. Ninaandika haya bila aibu: katika kata yetu ya Ziwani hakuna aliyefika nilikofika. Sikubebwa na mtu. Baba alikuwa mkulima wa mihogo, akafa nikiwa bado shule ya msingi, na kila ngazi niliyopanda niliipanda kwa kichwa changu. Nilijifunza lugha inayogeuza mwisho wa kila neno kadiri sentensi inavyogeuka, nikasoma hisabati kwa lugha hiyo, nikawashinda waliozaliwa nayo. Nilifanya kazi katika kiwanda cha matrekta mjini Brno. Nilipoajiriwa bandarini Mtwara walinikabidhi kreni iliyokuwa imesimama muda mrefu hadi ndege wakajenga ndani ya kibanda cha dereva. Msimu wa korosho ulipofika, kreni ile ilikuwa inanyanyua magunia. Waulizeni waliokuwepo.

Asubuhi yangu ya kwanza nyumbani nilikaa kizingitini na kikombe cha chai. Mama alitoka na pumba kwenye ungo, akazimwaga, akaita, "Pochsem, pochsem, pochsem." Kuku wakaja mbio.

Nilikuwa nimeusikia wito huo utoto wangu wote. Lakini sasa masikio yangu yalikuwa yametoka safari, na niliposikia niliweka kikombe chini.

"Mama, unawaambia nini hao?"

"Nawaita."

"Kwa lugha gani?"

"Ya kuku."

"Nani alikufundisha?"

"Mama. Bibi yako aliwaita hivyo hivyo. Kwani huko ulikokwenda kuku wanaitwaje?"

"Huko, mtu akitaka kukwambia njoo hapa, anakwambia hivyo hivyo."

Mama alibaki na ungo mkononi. Kuku walimzunguka miguuni wakidai zaidi, naye hakuwaangalia.

Kwamba baba yake alikuwa mzungu hilo halikuwa siri. Mwangalie tu rangi na yale macho. Watu walimwita Mjerumani wa mkonge, kwa kuwa alikuwa fundi wa korona, ile mashine ya kukamulia majani ya mkonge yakatoka singa, katika shamba moja nyuma ya Mikindani. Vita vya pili vilipoanza Waingereza walikuja wakamchukua, mama akiwa bado anatambaa, na hakuonekana tena. Habari zake ziliishia hapo. Yaliyoongezwa na watu ni kwamba hapakuwa na ndoa. Bibi alikuwa akimfulia nguo, wakasema, na nguo zikazaa mtoto.

Nawaambia wasomaji wasiotoka pwani neno hilo linamfanya nini mtu. Siku mama alipoolewa na baba yangu, aliyesimama kumwozesha alikuwa kadhi, kwa sababu mtoto wa nje ya ndoa hana baba kisheria, na asiye na baba wala ndugu wa upande wa baba hana walii, yaani msimamizi wa kumwozesha. Hilo lilisemwa kwa sauti, mbele ya mashahidi, na nyuma ya pazia wasichana wenzake walilisikia wakashika mbavu kwa kicheko. Mjomba wake, kaka mkubwa wa bibi, mzee wa Kilambo kule ukingoni mwa Ruvuma, alikuwa pale pale barazani. Alikunywa kahawa yake tu.

Mama aliishi na jambo hilo kama watu wanavyoishi na jino bovu. Lakini miaka michache baada ya mimi kurudi, ulitokea ugomvi wa mikorosho. Yule fundi alipochukuliwa, bibi baadaye aliolewa na mtu wa Ziwani, akazaa watoto wengine, na kitinda mimba wao ndiye aliyerithi kusimamia shamba. Mama alikwenda kuokota korosho chini ya mikorosho ambayo bibi mwenyewe aliipanda. Mdogo wake huyo alimkuta na kapu, na mbele ya vibarua na majirani akamwambia, "Dada, wewe nenda kaokote mkongeni ulikookotwa."

Mama alimwaga zile korosho, akakung'uta kapu, akaja mjini kwangu. Aliingia bila hodi.

"Wewe umesoma huko kwao," alisema. "Nitafutie. Sitaki mali yake, sitaki ndugu zake. Nataka kujua jambo moja, kabla sijafa. Mama yangu aliolewa au hakuolewa?"

Nilimwahidi nitalijua. Sijawahi kushindwa na mashine, na nililiona jambo lile kama mashine.

Nilianza kanisani, kwani nilijiambia kwamba mzungu akioa anaoa kanisani. Nilipanda hadi misheni moja ya bara, padri mzee akanifungulia vitabu vya ndoa na ubatizo vya miaka yote ya kati ya vita viwili. Hakuna mzungu wa mkonge aliyeoa. Nilirudi pwani, nikaenda ofisi moja ya serikali kuuliza rejista za zamani. Karani hakuinua macho kutoka kwenye gazeti.

"Mchwa," alisema.

"Mchwa nini?"

"Waliokula. Unataka wa mwaka gani?"

Nilimwambia nimeishi katika nchi ambayo mchwa hawaajiriwi serikalini. Aligeuza ukurasa. Dar es Salaam niliambiwa niandike barua ya maombi, nikaandika; nikaambiwa ipitie kwa mkuu wa mkoa, ikapita; nikaambiwa aliyekuwa anashughulikia yuko likizo. Nilitumia likizo zangu mwenyewe, msimu hadi msimu, nikilala kwa jamaa Temeke, nikipanga foleni kwenye jumba la nyaraka na wanafunzi wa chuo kikuu walionitazama ovaroli zangu kana kwamba nimekuja kuziba bomba. Nilikuwa nasoma Kiingereza, Kijerumani kidogo na Kicheki. Wao walikuwa wanasoma walichotumwa na mwalimu.

Nikampata. Lilikuwa faili la wageni waliokusanywa mwanzo wa vita. Fundi mitambo wa shamba la mkonge, jina la Kicheki kabisa, mzaliwa wa mji mdogo wa Moravia, na mbele yake wameandika: Mjerumani. Hapo niligonga meza hadi msimamizi akanijia. Hakuwa Mjerumani. Hitla alikuwa ameimeza nchi yake na kuibadilisha pasipoti yake akiwa huku huku Mikindani akipaka grisi mashine, na Mwingereza, ambaye anajua kutofautisha aina za mbwa, hakuona haja ya kutofautisha mzungu na mzungu. Wakamfunga na watu waliokuwa wameipora nchi yake.

Halafu mji wenyewe. Niliufahamu mji ule. Treni ya kutoka Brno kwenda kaskazini magharibi husimama pale, na mimi nilikuwa napita pale nikienda kwa rafiki kila sikukuu, nikila mkate wangu dirishani. Katika nchi hiyo wanawake walihamisha pochi zao nilipokaa karibu. Watu walevi waliniuliza nitarudi lini kwetu. Nami nilinyamaza kama mgeni, kumbe ningeweza kushuka kituo kile, nikagonga mlango wa binamu ya mama yangu, nikamwambia sogeza kiti. Hakuna mtu Mtwara nzima aliyenipa kiasi hicho cha habari kabla sijapanda ndege. Hasira hiyo ninayo hadi leo.

Chini ya jina lake kwenye faili kulikuwa na mstari mwingine mfupi: Hana mke.

Sikumwambia mama mara moja. Niliandika kwanza kwa wahifadhi wa nyaraka kule Brno, kwa Kicheki kisicho na kosa hata la mkato. Majibu yalinikuta mvua za masika zimekwisha. Walikuwa wametoa nakala ya ukurasa wa kitabu cha ubatizo, na kila nilipousoma ukurasa ule nilipandwa na wivu. Baba yake mfumaji wa vitambaa, wameandika. Namba ya nyumba, wameandika. Babu na bibi pande zote mbili, wameandika. Hata mkunga aliyemtoa tumboni wamemwandika jina na kijiji chake. Mama yangu mimi, aliyezaliwa Mikindani penye bandari na ofisi na bendera ya Mwingereza, hana hata kipande cha karatasi kinachosema alizaliwa.

Pembeni mwa ukurasa mtu mwingine alikuwa ameongeza baadaye, kwa mwandiko ule wa zamani uliolala kama nyasi zilizopigwa na upepo: kijana huyu alikufa kwa homa katika kambi ya wafungwa kusini mwa Afrika, mwaka wa pili wa vita. Hakuwa na mke.

Nilimsomea mama vyote viwili, faili na ukurasa, nikamtafsiria neno kwa neno. Nilijua hakuna mtu mwingine mkoa mzima ambaye angeweza kufanya kazi ile. Mama alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Nilipomaliza alisema:

"Kwa hiyo nchi mbili zimeandika."

"Zimeandika nini?"

"Kwamba hakuoa." Alisimama akajifunga kanga vizuri. "Basi. Umefanya kazi kubwa, mwanangu. Hawa wa Ziwani walisema bila hata kwenda shule."

Baada ya hapo aliacha kula kwa hamu. Alizeeka miezi ile mbele ya macho yangu, na kila nilipojaribu kuzungumza habari za baba yake aliinuka akaenda kuchambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa. Kazini nilikuwa mkali hadi vijana wa folklifti walinikwepa. Nilikuwa nimemletea jibu alilolitaka na jibu lenyewe lilikuwa linamuua.

Mwezi wa Shaabani mwaka ule aliniomba nimpeleke Kilambo kwa hitima. Ni desturi ya ukoo wao: kabla ya Ramadhani wote hukutana kwa mjomba mkubwa, Kurani inasomwa, halafu wafu wa ukoo wanatajwa mmoja mmoja kwa majina yao na majina ya baba zao, waombewe. Mimi kwa kawaida sikwenda. Tangu niliporudi nilikuwa na meli za kushughulikia, na kusema kweli sikupenda kukaa mkekani na watu walioniita Injinia kwa kunibeza. Lakini nilikuwa na pikapu, na mama hakuwa na nguvu ya kupanda lori.

Tulikaa uani, wanaume mkekani, wanawake upande wa jikoni. Mdogo wake mama kutoka Ziwani alikuwepo, kanzu imepigwa pasi hadi inasimama yenyewe. Mjomba mkubwa alikuwa mzee sana sasa. Alikaa bega kwa bega na mwalimu wa Kurani, akimnong'oneza majina, na mwalimu anayatamka kwa sauti. Wafu wa ukoo ule nawajua. Bibi nilimsikia, mumewe wa Ziwani nilimsikia, mama wadogo waliokufa kwa surua nikawasikia. Kisha, katikati yao, likatoka jina la Kiislamu la mwanamume ambaye sikumfahamu, bin Abdallah.

Nilimgusa binamu aliyekaa kando yangu.

"Huyo nani?"

"Yupi?"

"Huyo bin Abdallah."

"Ah, huyo yumo siku zote. Wa babu huyo. Sahibu yake wa zamani, sijui." Akapokea sinia. "Kula, Injinia, mambo ya wafu waachie wafu."

Katika ukoo ule hakuna Abdallah. Na kila mtu wa pwani anajua nani huitwa bin Abdallah bila kuwa na baba wa jina hilo. Anayesilimu ukubwani, akiulizwa mwana wa nani, huandikwa mwana wa Abdallah, kwani baba yake hakuwa na jina la dini. Nilikuwa nimeshapekua vitabu vya kanisa misheni nzima. Sikuwahi kumuuliza hata mtu mmoja kama yule mzungu alisilimu.

Sikula. Nilisubiri wageni watawanyike, wale wa ng'ambo washuke mtoni kuwahi mitumbwi ya Msumbiji. Nikamwita mama kutoka jikoni, nikamleta barazani kwa mzee. Mdogo wake alikuwa bado pale akichokonoa meno.

"Babu," nilisema, "bin Abdallah ni nani?"

Mzee alinitazama akacheka. Kwetu babu na mjukuu ni watani, na alitaka maneno yangu yawe utani. "Mume mwenzangu, umeanza lini kuhesabu maiti zangu? Unataka nikuongezee yako?"

"Sitanii leo."

"Utaniambia wewe kama unatania? Mimi ndiye babu."

"Alikuwa fundi wa korona?"

Kicheko kilikauka. Alimtazama mama, halafu akatazama mikono yake.

"Alikuwa fundi," alisema.

Mama aliketi chini, pale pale sakafuni, bila kutandika kitu.

Mzee alisema yote. Nafikiri alikuwa amechoka. Mcheki alisilimu Mikindani mbele ya mwalimu na watu wa msikiti. Akaposa. Baba wa bibi alikuwa ameshakufa, kwa hiyo walii alikuwa kaka mkubwa.

"Nilimwozesha mimi," alisema. "Kwa ulimi huu. Mahari nilipokea mimi, na mashahidi wote nimewazika. Mtu mzuri yule. Mikono yote mafuta. Alikuwa akija hapa kula samaki, anawaita kuku kwa maneno yake, wanamjia kuliko mimi mwenye kuku."

"Halafu?" nilisema.

"Halafu wakaja askari. Wanauliza, nani hapa ni mke wa Mjerumani? Unajua vita wewe? Nilidhani watamchukua na dada yangu na mtoto. Nikasema hana mke. Nikasema huyu alikuwa anamfulia tu. Wakaandika, wakaenda."

Basi ndipo nilipoelewa lile faili. Serikali ya Mwingereza ilikuwa imeandika maneno ya mzee huyu, na sijui kwa njia gani maneno yale yakasafiri na mfungwa hadi kambini, na kutoka kambini hadi pembeni mwa kitabu cha Moravia. Nilikuwa nimezunguka mabara mawili kuusoma uongo uliotoka kwenye baraza hili.

"Kwa uongo wa siku ile sikulaumu," nilisema. "Askari walikwenda. Vita vikaisha. Mama akakua, akaozeshwa na kadhi, wewe umekaa hapo hapo unakunywa kahawa. Kwa nini?"

"Kwa sababu bibi yako alikuwa msichana."

"Sikuelewi."

"Hutaelewa, umesoma mashine. Mke ambaye mumewe amepotea haolewi. Anangoja talaka, au habari ya kifo, au kadhi aridhike baada ya miaka. Nani angeleta habari? Akaja mtu wa Ziwani kuposa. Askari wetu ndiyo kwanza wamerudi Burma, yeye mwenyewe alikuja na buti za jeshi miguuni. Mtu wa heshima, ana mashamba. Akaniuliza, dada yako ana mume? Nikasema lile lile nililowaambia askari. Hakuwa mke wa mtu. Akamwoa." Alimwonyesha kwa kidevu mdogo wake mama. "Akazaliwa huyu na wenzake. Sasa ningesema nini? Nikisema ile ndoa ya kwanza ilikuwa kweli, basi dada yangu alikuwa na mume akaolewa na mume. Nikimtoa mmoja kwenye aibu, nawaingiza wengine wote. Hata bibi yako alilijua hilo, akalificha hadi kaburini. Nikamwacha mmoja."

"Ukamwacha mama," nilisema.

"Nikamwacha mmoja," alirudia.

"Na kila Shaabani unamwombea mumewe."

"Ningemwombeaje tena? Sikujua hata kama amekufa. Nilimweka kwa wafu, ikawa basi."

Yule mwenye kanzu ya pasi alikuwa ameshatoa kijiti mdomoni. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Mjomba," alisema taratibu, "kwa hiyo sisi ndio tuliozaliwa... Sisi ndoa yetu ndiyo..."

Hakumaliza. Mama alimtazama mtu huyo aliyemwambia akaokote mkongeni. Mimi nilikuwa na jibu lake. Nililipata wakati mzee anataja zile buti za Burma, kwani kazi yangu ni kuona kifaa gani kinaingia wapi. Nami nilimwacha kidogo. Nilimwacha akae na neno lile alilozoea kuwarushia wengine, alionje, aone lina ladha gani mdomoni likiwa lake. Sioni nilichokosea.

Kisha nikasema, "Mcheki alikufa mwaka wa pili wa vita. Ukurasa wa kitabu cha kwao ninao nyumbani, umepigwa muhuri. Bibi aliolewa Ziwani vita vimekwisha. Alikuwa mjane, na eda yake ilikuwa imeshapita bila yeye kujua. Ndoa zote mbili ni nzima. Mwiteni mwalimu mumuulize."

Mwalimu aliitwa, alikuwa hajafika mbali. Aliuliza maswali yake mara mbili mbili, akanitaka niape, nikaapa. Akasema ikiwa ndivyo, hakuna haramu katika nyumba hii, wala hajapata kuwepo.

Nilimwona mzee akipiga hesabu ya maisha yake. Amelinda aibu tangu ujana hadi meno yamekwisha, amemtoa mtoto wa dada yake kafara kwa ajili ya aibu hiyo, na aibu haikuwepo. Angemuuliza ofisa mmoja, angeandikisha barua moja wakati wa Mwingereza, angejua. Angeniambia mimi siku niliporudi na sanduku langu, ningemletea jibu kabla ya msimu wa pili wa korosho. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia mengi zaidi, kwa sauti ambayo nadhani walioko mitumbwini waliisikia, na hakuna aliyenizuia.

Alipopata neno alisema, "Basi limekwisha. Tumejua wenyewe, ndani."

"Halijakwisha," alisema mama. Ndiyo mara ya kwanza kufungua mdomo tangu aketi. "Mimi sikutukanwa ndani."

"Mpwa wangu, nitawaambia watu nini? Nina siku ngapi? Unataka nizikwe naitwa mwongo?"

"Mimi nimeitwa jina langu nikiwa hai, Mjomba."

Nilisema nitakwenda mwenyewe Ziwani na karatasi zangu, nitasoma mbele ya watu wote. Mama alitikisa kichwa. Karatasi zako zinasema hakuoa, alisema. Na kweli ndivyo zilivyosema. Mtu pekee duniani aliyekuwa na haki ya kusema bibi aliozeshwa alikuwa yule aliyemwozesha. Diploma yangu, Kicheki changu, foleni zangu zote, vilikuwa vimefika kwenye mlango ambao mwenye ufunguo ni mzee asiyetaka kuaibika. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia jioni ile nikiendesha kurudi mjini, mama kando yangu.

Mama hakungoja Shaabani nyingine. Aliandaa hitima yake mwenyewe, na aliipeleka Ziwani, uani kwa mdogo wake, ambaye sasa hakuwa na ujasiri wa kumkatalia kitu. Mchele ulikuwa wangu na mbuzi alikuwa wangu. Yeye alizunguka kualika, nyumba kwa nyumba, akianza na zile ambazo wanawake wake walikuwa nyuma ya lile pazia siku ya harusi yake. Walipomuuliza hitima ya nani, aliwajibu, "Ya baba yangu."

Mzee nilimfuata Kilambo kwa pikapu. Sikumsemesha njia nzima, isipokuwa kumwambia ashike mlango, haukazi vizuri. Alipanda akiwa na kanzu safi, akashuka imejaa vumbi. Kurani ilipomalizika mwalimu alimgeukia. Hata vijiko vya jikoni vilinyamaza.

"Huyu tunayemsomea," alisema mzee, akitazama mkeka, "alikuwa shemeji yangu. Alisilimu. Nilimwozesha dada yangu, mimi mwenyewe, kwa ndoa. Kisha nikakana. Huyu mtoto wake ni mtoto wa ndoa. Aliyesikia amwambie asiyesikia."

Maneno machache tu. Yalichukua muda mfupi kuliko mtu kunawa mikono. Nilikaa pale na hasira, kwani nilikuwa nimetayarisha moyo wangu kwa kitu kikubwa, na kumbe kitu ambacho mama alinyimwa maisha yake yote kilikuwa chepesi namna ile.

Upande wa jikoni bibi mmoja alikohoa. "Makubwa," alisema. "Kumbe siku zote hizi tulikuwa na mkwe wa Ulaya, wala hatukudai hata sabuni."

Mwenzake akamwambia, "Ungeidai wewe, uliyekuwa wa kwanza kucheka."

Wakacheka, wakanyamazishana, na sufuria zikaanza kugongana tena. Mama alipita katikati yao na sinia la pilau, akalileta kwa wanaume, akaliweka mbele ya mzee kama mgeni wa heshima. Mzee alimshika mkono, akasema kwa sauti ya chini niliyoisikia mimi kwa kuwa nilikuwa karibu, "Niwie radhi, mwanangu."

Mama aliutoa mkono wake taratibu.

"Nitakuwia radhi nikipata nafasi, Mjomba," alisema. "Leo nina wageni wa baba yangu." Akarudi jikoni kuchukua sinia la pili.